Nakala Asilia na Nakala ya Santuri: Suala la Muziki wa Filamu ya Hatari!

Katika uhakiki wa matini za kale za Kiswahili, mtafiti hulazimika kwanza kujiuliza ni mkono wa nani ulio mbele yake: wa mtunzi, au wa mnakili aliyekuja baadaye. Swali hilo huulizwa kwa nadra katika muziki wa filamu, ijapokuwa uzito wake ni ule ule. Makala haya yanalichunguza kwa kuangalia filamu yenye jina la Kiswahili, Hatari!, ya mwongozaji Howard Hawks, ambayo sehemu zake za nje zilipigwa Tanganyika, hasa kandokando ya Arusha, kabla ya uhuru wa Desemba 1961. Ilitolewa mwaka 1962.

Muziki wake ulitungwa na Henry Mancini. Mwaka huo huo kampuni ya RCA Victor ilitoa santuri yenye jina la filamu, na wasikilizaji wengi wakaichukulia kuwa ndiyo sauti ya filamu yenyewe. Sivyo ilivyokuwa. Mancini alikuwa na desturi ya kurudi studioni na kurekodi upya nyimbo zake kwa ajili ya santuri. Sababu moja ilikuwa ya fedha: chama cha wanamuziki cha Marekani kilidai malipo mapya pale rekodi ya filamu ilipohamishiwa kwenye santuri. Sababu nyingine ni kwamba msikilizaji wa nyumbani alitaka vipande vyenye mwanzo na mwisho, vyenye kuimbika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya muziki uliofuata matukio iliachwa nje, na kipande cha ndovu wachanga, "Baby Elephant Walk", kikavuma hata kwa watu ambao hawakuiona filamu kamwe.

Hasara kwa mtafiti si ndogo. Mancini alitumia pia ala zilizotoka Afrika, miongoni mwazo kinanda cha vidole cha jamii ya malimba. Je, alizipa nafasi ya kusema kwa sarufi yake zenyewe, au alizifanya pambo tu juu ya okestra ya Hollywood? Santuri haiwezi kutoa ushahidi wa kutosha, maana iliteuliwa ili ipendeze. Filamu nayo haitoshi, kwani muziki umefunikwa na mazungumzo, ngurumo za magari na vishindo vya vifaru. (Wanaoikosoa filamu hii kwa taswira yake ya Mwafrika, na wana haki, kwa kawaida huishia kwenye picha.) Ni mwaka 2012 tu ambapo kampuni ya Intrada ilitoa rekodi zilizofanywa kwa ajili ya filamu yenyewe. Kuanzia hapo swali hilo laweza kuulizwa kwa masikio.

Si kila muziki uliopata bahati hiyo. Utepe wenye msingi wa asetati huoza wenyewe kwa wenyewe, ukitoa harufu ya siki, ukijikunja na kusinyaa. Karatasi nazo zina maadui: mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 studio ya MGM ilitupa shehena ya nota za okestra zake, zikaenda kufukia mashimo. Pale ambapo nota zimepotea, wataalamu husikiliza filamu na kuandika upya kila ala. Pale zilipobaki michoro ya mtunzi, kazi huwa nyepesi kidogo. John Morgan aliurejesha hivyo muziki wa Max Steiner wa King Kong (1933), nao ukapigwa na okestra ya Moscow katika miaka ya 1990. Hata hivyo, urejeshaji wa namna hiyo ni nakala ya mnakili, hata awe stadi kiasi gani. Tepu za Hatari! ni jambo jingine.

Matumaini ya kupata matoleo zaidi yana masharti. Matoleo mengi ya aina hii yamechapwa kwa kikomo, mara nyingi nakala 3,000 au pungufu, nayo hununuliwa na wapenzi binafsi. Maktaba ya chuo inayosubiri bajeti ya mwaka ujao huenda isikute kitu.