Nilimwambia tulimwokota jalalani

*Shangazi, binti yangu ana miaka sita. Tukiwa mezani nilimtania kwamba hatukumzaa, tulimwokota jalalani. Kaka zake wakadakia, mdogo wangu akarekodi kwa simu na kurusha kwenye kundi la familia. Alilia sana, nasi tukacheka. Nikamwambia ni utani, yakaisha. Siku hizi kabla ya kuchota wali anauliza, "Naruhusiwa?" Usiku ameanza kukojoa kitandani. Mama yake ameninunia. Nifanyeje?*
*Baba, Morogoro*

Kaka yangu, pole, na ahsante kwa kuandika. Kwako yaliisha siku ile. Kwa mtoto ndiyo kwanza yalianza. Umri huo neno la baba haliulizwi, tena likishuhudiwa na kaka zake. Mtoto anayeomba ruhusa ya kuchota wali kwao anajiona mgeni, na anaogopa kwamba akikosea atarudishwa jalalani.

Usimwambie tena "nilikuwa natania", maana hapo kosa linakuwa lake, kwamba hakuelewa. Chuchumaa, mwambie: "Nilisema uongo. Nimekosa, nisamehe." Kisha toa kadi yake ya kliniki. Mwonyeshe jina la mama yake, tarehe aliyozaliwa, uzito wake siku hiyo, na zile nukta za kila mwezi alipopelekwa kupimwa. Mwache aishike, hata alale nayo akitaka. Bibi yake kama yupo, amsimulie alivyozaliwa. Atauliza tena na tena. Mjibu bila kuchoka.

Kaka zake nao wamwombe radhi. Video ifutwe kundini na kwenye simu ya mdogo wako. Mwaka 2017, huko Maryland nchini Marekani, wazazi waliorusha YouTube mizaha ya kuwatisha watoto wao walitiwa hatiani kwa kutowatunza ipasavyo.

Na utani huu uacheni kabisa. Nyumba zetu nyingi zinalea yatima au mtoto wa ndugu. Akisikia mnacheka habari za kuokotwa, ataelewa nini kuhusu nafasi yake hapo kwenu? Hilo linaniuma sana.

Shuka likilowa, asigombezwe wala kuzomewa. Mwamshe akojoe kabla hamjalala. Wiki chache zikipita bila nafuu, mpeleke kwa daktari au mwone afisa ustawi wa jamii.

Mama yake mwombe radhi leo. Mimba ile aliibeba yeye, nawe ukamfuta mbele ya watoto wake. Akiridhia, yeye ndiye amsomee binti yenu hiyo kadi.