SOMO LA KIKUNDI: Shamba Lenye Chumvi na Bakteria Wanaosaidia Mimea

Ndugu wanavikundi, sehemu kavu tunakolima kwa kumwagilia, kama kule Taveta, tatizo hili linajulikana. Maji yanafunguliwa, jua linapiga, na baada ya misimu kadhaa utando mweupe unaonekana juu ya udongo. Mahindi yanaungua ncha za majani, maharagwe yanadumaa, na mwishowe mtu analiacha shamba. Hapo ndipo anapotokea muuzaji na chupa ya "bakteria wa kumaliza chumvi". Je, kikundi kitoe pesa yake? Tujifunze kwanza.

1. Chumvi hufanya nini?

Maji ya mto na ya kisima huwa na chumvi kidogo. Jua likikausha maji, chumvi inabaki. Ikizidi, mizizi inashindwa kuvuta maji hata kama udongo umelowa. Mmea unakufa kiu huku umesimama majini.

Mimea haivumilii sawasawa. Maabara hupima chumvi kwa desisimensi kwa mita. Maharagwe huanza kupunguza mavuno kipimo kikipita 1, mahindi 1.7, nyanya 2.5, na kunde 4.9. Kwa hiyo kubadilisha mbegu tu, kutoka maharagwe hadi kunde, ni hatua kubwa.

2. Bakteria wanasaidiaje?

Mmea ukiteseka hutengeneza gesi iitwayo ethilini. Ikiwa nyingi, mizizi huacha kukua. Kuna bakteria wanaoishi kando ya mizizi ambao hula kile kitu mmea unachotumia kutengeneza gesi hiyo. Basi gesi inapungua na mizizi inaendelea kutafuta maji. Wengine hutoa ute unaoshikanisha udongo na kuzuia sehemu ya chumvi isiingie mzizini.

Mwaka 2004 wataalamu Mayak, Tirosh na Glick walitangaza jaribio la miche ya nyanya iliyomwagiliwa maji ya chumvi. Miche iliyopewa bakteria waliotolewa Arava, eneo kavu la kusini mwa Israeli, ilikua vizuri kuliko ile isiyopewa. Lakini hiyo ilikuwa miche, si makreti ya nyanya sokoni.

Tushike jambo hili: bakteria hawaondoi chumvi shambani. Wanausaidia mmea kuvumilia, basi. Chumvi ikiendelea kuongezeka, hata wao watashindwa.

3. Kazi inayotangulia

- Pimeni udongo na maji. Muulizeni afisa wa kilimo jinsi ya kuchukua sampuli.
- Chimbeni mtaro wa kutoa maji. Bila mtaro, maji ya chini hupanda na kuleta chumvi juu.
- Mtaro ukiwa tayari, osheni udongo kwa maji mengi yasiyo na chumvi, chumvi ishuke na kutoka.
- Wekeni mboji iliyooza vizuri, na mfunike udongo kwa nyasi kavu. Mboji ni chakula cha bakteria wazuri waliomo tayari shambani. Samadi mbichi msiweke, inaweza kuongeza chumvi.
- Udongo ukiwa mgumu na maji hayaingii, huenda shida ni sodiamu. Huo huhitaji jasi, na kipimo chake kitoke maabara.

4. Tukitaka kujaribu bakteria

Madukani kuna pakiti za rizobia, kama Biofix iliyoanzia Chuo Kikuu cha Nairobi. Hawa ni wa jamii ya maharagwe, na kazi yao ni kuupatia mmea naitrojeni kutoka hewani. Si dawa ya chumvi, tusichanganye mambo.

Angalieni tarehe ya mwisho ya kutumika. Pakeni mbegu kivulini, mpande siku hiyo hiyo, na msitumie mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu. Kunde zikianza maua, ng'oeni miche michache mpasue vinundu vya mizizi. Ndani kukiwa na rangi ya waridi, bakteria wanafanya kazi. Kukiwa kweupe au kijani, hawafanyi.

Bakteria wa aina yoyote wajaribiwe hivi: vitalu viwili vya ukubwa mmoja, mbegu moja, maji sawa na mboji sawa. Kimoja kiwe na bakteria, kingine bila. Pimeni mavuno kwa mizani, na mweka hazina aandike gharama. Rudieni msimu wa pili. Muuzaji akikataa jaribio la namna hii, pesa ibaki kwenye sanduku.

5. Maswali ya kujadiliana

a) Utando mweupe ulianza kuonekana lini kwetu, na upande gani wa shamba?
b) Maji yanayozidi shambani yanakwenda wapi? Jirani wa chini anaathirika?
c) Tukiwa na pesa ya kitu kimoja tu msimu huu, iwe mtaro, mbegu ya kunde au bakteria? Kila mmoja atoe sababu yake.

Katibu aandike majibu, na kabla ya mkutano ujao twende wote tukaukague mtaro.