SOMO LA UFUNDI: Mlio wa Nyuma Baada ya Kufunga Vipuri Vipya



Lori lililofungwa springi na shokomzoba mpya likigonga nyuma, msiharakishe kulaumu vipuri. Kwanza sikilizeni.

Likigonga kwenye mashimo, kagueni nati za shokomzoba. Likigonga wakati wa kuondoka au kufunga breki, kagueni yu-bolti zinazoshika springi kwenye ekseli. Zikilegea, ekseli huhama.

Likilia kama mlango mkavu, huenda bushi za mpira zilikazwa gari likiwa juu ya jeki. Zilegezeni, teremsheni gari lisimame kwa magurudumu yake, ndipo mkaze. Baada ya siku chache za kazi, kazeni tena yu-bolti.

Lori hilo hubeba wenzetu kwenda shambani. Lisiondoke kabla chanzo cha mlio hakijajulikana.