Triatloni Fupi: Somo kwa Wanaoanza

Kiangazi kimekaribia, na wengi kati yetu wanaulizana juu ya mashindano mafupi ya kwanza ya msimu, yale yaitwayo triatloni. Wengine wasema ni mchezo wa watu wenye mali. Wengine wasema mwenye miguu ya kukimbia hana la kuogopa. Nimeona yafaa tulisome jambo hili hatua kwa hatua, kama tusomavyo hesabu, ili atakayeingia aingie akijua.

Triatloni ni nini?

Ni mashindano ya michezo mitatu inayofuatana bila mapumziko: kuogelea, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia. Saa ikianza kuhesabu majini haisimami mpaka mstari wa mwisho. Mchezo huu, kwa namna tuijuayo leo, ulianza San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974. Mwaka 2000 ukaingizwa katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Sydney, Australia. Katika Olimpiki watu huogelea mita 1,500, huendesha baiskeli kilomita 40, na hukimbia kilomita 10. Triatloni fupi ni nusu ya hiyo: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5.

Ziko na ndefu zaidi. Jirani zetu wa Rwanda, mwezi wa Agosti 2022, walifanya moja mjini Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, ambayo watu waliogelea kilomita 1.9, wakaendesha kilomita 90, wakakimbia kilomita 21.1. Hiyo si ya mwanafunzi anayeanza. Bandu bandu huisha gogo.

Hesabu yake

Tuseme kijana aogelea mita 100 kwa dakika 2 na sekunde 40. Mita 750 zitamchukua dakika 20. Akiendesha baiskeli kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, kilomita 20 zitamchukua dakika 48. Akikimbia kila kilomita kwa dakika 5, mbio zitachukua dakika 25. Tena atabadili mara mbili, kutoka majini kwenda kwenye baiskeli, na kutoka kwenye baiskeli kwenda mbioni. Tuseme dakika 3 kila mara. Jumla ni dakika 99.

Katika hesabu hii tunapata mafunzo mawili. La kwanza, baiskeli yala karibu nusu ya muda wote. Kwa hiyo asiyeizoea hawezi kuokolewa na mbio zake. La pili, akitaka kupunguza dakika 2 kwa kukimbia, itampasa apunguze sekunde 24 katika kila kilomita, na hiyo ni kazi ya miezi. Lakini akipanga vizuri viatu vyake na kofia yake, akapunguza dakika moja katika kila badiliko, atapata dakika 2 zile zile bila jasho. Basi na kubadili nako kufanyiwe mazoezi.

Maji

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mita 750 hazifiki hata sehemu 3 katika 100 za safari yote, na kwa sababu hiyo wengi huzidharau. Lakini mkimbiaji aliyechoka huketi kando ya njia, na mwendesha baiskeli aliyechoka hushuka akasukuma. Majini hapana kando ya njia.

Sisi watu wa Burundi miguu tunayo. Mwaka 1996 huko Atlanta, Vénuste Niyongabo alishinda mbio za mita 5,000 akapata dhahabu, na ndiyo mara ya kwanza nchi yetu kushiriki Olimpiki. Mwaka 2016 huko Rio de Janeiro, Francine Niyonsaba alipata fedha katika mita 800. Baiskeli pia hazitushindi. Nani hajaona vijana wakishuka milimani na mikungu ya ndizi nyuma yao? Lakini ziwa ni jambo jingine. Mji wetu wa Bujumbura umekaa ukingoni mwa Tanganyika, ziwa la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, lenye kina cha mita 1,470 hivi, na bado wengi wetu hapa shuleni hatujui kuogelea. Wazazi walitukataza, nao walikuwa na sababu, kwani viboko na mamba si hadithi, hasa upande wa mto Rusizi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: asiyeweza kuogelea mita 750 katika bwawa bila kushika ukuta wala kusimama, asiingie mashindanoni. Katika bwawa la mita 25 ni kwenda mara 30. Ajaribu siku mbili mbalimbali, ili ajue kwamba si bahati.

Akiisha kuweza bwawani, aende ziwani, lakini asiende peke yake kamwe. Aende asubuhi, maana mara nyingi mchana upepo huamsha mawimbi. Aulize wavuvi mahali penye usalama. Na awepo mtu anayejua maji, katika mtumbwi, karibu naye. Ziwani hakuna mstari chini wa kufuata. Yampasa kila baada ya mikono michache ainue macho atazame boya, asije akaogelea mita 900 badala ya 750. Siku ya mashindano anayeanza asimame pembeni, si katikati penye msukumano wa mikono na miguu. Pumzi zikimpotea, ageuke alale chali, apumue, kisha aendelee. Tena ajifunze jambo hili kabla ya siku yenyewe.

Baiskeli

Si lazima iwe ya thamani. Lazima breki zishike, tairi zijae upepo, na mnyororo uwe na mafuta. Barabara ya kusini iendayo Rumonge hufuata ziwa na haina milima mingi. Kutoka mjini mpaka lile jiwe la Livingstone na Stanley pale Mugere ni kilomita zipatazo 12, hivyo kwenda na kurudi ni zoezi linalotosha. Barabara ya kupanda Bugarama waachiwe waliozoea. Kushika nyuma ya lori, kama wafanyavyo wengine kilimani, ni kucheza na kifo, na katika mashindano ni kuondolewa mara moja.

Kumbuka sheria: kofia ngumu ifungwe kidevuni kabla hujaigusa baiskeli, wala usiipande kabla ya kuvuka mstari uliowekwa.

Kukimbia

Ukishuka kwenye baiskeli miguu huwa mizito kama magogo. Jambo hili huwashangaza hata wakimbiaji hodari. Dawa yake ni moja: mara moja kwa juma, ukimaliza baiskeli, kimbia papo hapo dakika 10 au 15. Siku ya mashindano kilomita ya kwanza iende taratibu, miguu ikikumbuka kazi yake, kisha ongeza.

Mpango wa juma

Kwa majuma 8 fanya hivi: siku mbili maji, siku mbili baiskeli, siku mbili kukimbia, na siku moja pumzika kabisa. Kunywa maji ya kutosha. Siku ya mashindano kula saa tatu kabla ya kuanza, chakula ulichozoea, kama ndizi au viazi. Usijaribu kitu kigeni.

Neno kwa kaka zetu

Ninyi mliomaliza, baadhi yenu mnajua kuogelea vizuri, na baadhi mna baiskeli zinazolala nyumbani. Baiskeli mkituazima tutashukuru. Lakini kubwa tunaloomba ni saa moja ya Jumamosi kando ya bwawa, kutufundisha wadogo zenu kuelea na kuvuta pumzi. Anayejua kuogelea hana faida ya mashindano tu. Mtumbwi ukipinduka, ataishi.

Na mwenzangu ambaye bado hajaweza maji, asione haya. Uko mchezo uitwao duathloni, ambao kwa kipimo kifupi ni kukimbia kilomita 5, baiskeli kilomita 20, na kukimbia tena kilomita 2.5. Aanze na huo mwaka huu, huku akijifunza kuogelea. Msimu mwingine utakuja, na ziwa litakuwapo.