Chumba cha Mtoto Hupangwa Kuanzia Mlangoni

Mnamo Agosti 2009 moto uliteketeza bweni la wasichana katika Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, kando ya barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wanafunzi 12 walipoteza maisha. Taarifa zilizotolewa wakati huo zilitaja mshumaa uliotumika kujisomea usiku. Miaka 15 kabla ya hapo, mwaka 1994, moto wa bweni huko Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, uliua wasichana zaidi ya 40.

Misiba hii haitajwi hapa kwa nia ya kumtafuta mkosaji. Anayewasha mshumaa usiku ili asome si mtoto mtundu. Aghalabu ndiye mwenye bidii kuliko wenzake. Inatajwa kwa sababu somo letu, yaani kumzoeza mtoto kupanga chumba chake, kwa kawaida hufundishwa kama somo la adabu na unadhifu, ilhali lina upande mwingine ambao wazazi wengi hatuufikirii mpaka siku ya dharura.

Tunapomwambia mtoto apange chumba, sisi husimama mlangoni na kutazama kitanda. Shuka likiwa limenyooka, tumeridhika. Lakini mtoto hakitumii chumba akiwa mlangoni. Hukitumia akiwa kitandani, gizani, akiwa na usingizi. Hivyo basi, upangaji wa kweli huanza na swali moja: kati ya kitanda na mlango kuna nini? Katika nyumba nyingi jibu ni tranka, ndoo, viatu vya shule, begi na pengine gunia la mpunga lililokosa nafasi kwingine. Viondoke kwanza hivyo, kabla ya kuhangaika na shuka. Tranka likae chini ya kitanda au ukutani, na mlango uweze kufunguka wote.

Mtoto wa miaka 6 hawezi kutunza utaratibu asioufikia kwa mkono. Msumari wa kutundikia sare ukipigwa kwa kimo cha baba, sare itaishia sakafuni, na lawama zitamwangukia mtoto bila haki. Pigilia msumari kwa kimo chake. Mpe boksi moja la vitabu na jingine la vitu vya kuchezea, na umwache achague mwenyewe kipi kikae wapi, kwani kitu alichokichagulia mahali hukirudisha kwa urahisi zaidi kuliko kile alichoamriwa. Wakati wa kupanga uwe jioni kabla ya kulala. Asubuhi kuna haraka ya shule, na vurugu ya asubuhi haimkwazi mtu usiku.

Sasa tutazame vitu vyenyewe, maana vingi tumevinunua wenyewe sokoni.

Godoro la sponji ni jepesi na bei yake inavumilika, lakini likishika moto huwaka kwa kasi na kutoa moshi mzito wenye sumu. Chandarua ni cha lazima katika maeneo yenye mbu, na nyuzi zake nyingi ni za plastiki inayoyeyuka na kuwaka. Ukiweka mshumaa au kibatari kati ya viwili hivi, umeweka kiberiti karibu na petroli. Kwa maoni yetu hakuna namna salama ya kutumia mshumaa ndani ya chandarua, hata ukiwa ndani ya kopo, hata kwa dakika tano. Kama mtoto anasoma usiku, anunuliwe taa ya kuchaji au ya sola. Kabla ya kulipa, tazama alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), jina la mtengenezaji na muda wa dhamana. Iwashe hapohapo dukani, kisha dai risiti. Bila risiti, kurudisha taa iliyokufa baada ya wiki moja huwa ni ubishi mtupu.

Mafuta ya taa yasihifadhiwe katika chumba cha mtoto, wala yasitiwe katika chupa ya maji ya kunywa, kwani mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Aidha, kwa ndugu zetu wa Mafinga, Njombe na Mbeya, ambako baridi ya Juni na Julai huingia mpaka mifupani: jiko la mkaa lisilazwe chumbani na watoto, hata likionekana limebaki majivu. Mkaa unaofifia hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala huzidiwa bila kuamka. Blanketi la pili ni salama zaidi.

Palipo na umeme kuna tabia moja tunayoikuta kila mahali: kuchomeka kijiti au kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Tundu lile ndilo linalofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini, ambavyo viliwekwa makusudi ili vidole vya watoto visifike kwenye umeme. Mtoto huona unavyofanya, na kesho atajaribu kwa msumari. Nunua adapta inayofaa. Waya wa ekstensheni usipite chini ya mkeka au godoro, na simu isichajiwe chini ya mto.

Madirisha mengi yamefungwa nondo kwa hofu ya wezi, na hofu hiyo ina sababu. Hata hivyo, unapompa fundi kazi mpya, mwambie aweke nondo za dirisha moja la chumba cha watoto kwenye bawaba, zifunguke kwa ndani. Ufunguo utundikwe mahali pamoja ambapo mtoto anafika na mtu wa nje hafiki.

Baada ya yote hayo, fanyeni jaribio. Usiku mmoja zimeni taa, mtoto akiwa kitandani, na mwambie aende hadi nje akitambaa, kwa kuwa moshi hupanda juu na hewa ya kuvutika hubaki karibu na sakafu. Atakachogonga njiani ndicho kilichopangwa vibaya. Watoto hulipenda zoezi hili kuliko kutandika kitanda. Afundishwe pia kutorudi ndani kufuata begi, na namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo ni 114.

Kwa mtoto anayekwenda bweni, tranka lake lipangwe nyumbani mkiwa pamoja, taa ya kuchaji ikiwa juu kabisa na mshumaa usiwemo kabisa. Siku ya wazazi kutembelea shule, omba kwa heshima uoneshwe bweni. Uliza mlango wa pili uko wapi, unafunguliwa na nani usiku, na ufunguo wake hukaa wapi.