Shime Sikio na Kelele: Kwa Nini Kukuza Sauti Hakutoshi

Sauti ni mtetemo. Ngozi ya ngoma ikipigwa hutikisika na kusukuma hewa iliyo karibu nayo. Hewa hiyo husukuma nyingine, na msukumo husafiri hivyo hadi kwenye kiwambo cha sikio. Idadi ya mitetemo katika sekunde 1 huitwa masafa, na kipimo chake ni hezi. Sikio changa na zima husikia takriban kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000. Ukubwa wa sauti nao hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki kinahitaji uangalifu, maana hakipandi kama kilo au mita: kila zinapoongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti huwa imezidishwa mara 10. Mazungumzo ya kawaida kati ya watu walioachana mita 1 huwa karibu desibeli 60.

Katika usemi, irabu na konsonanti hazina nguvu sawa. Irabu huvuma, na nguvu yake kubwa iko kwenye masafa ya chini. Konsonanti kama f, s na sh ni dhaifu zaidi, na alama zinazozitambulisha ziko juu, aghalabu kupita hezi 2,000. Hata hivyo, mara nyingi konsonanti ndiyo huamua maana. Tuchukue fika, pika, shika na zika. Irabu ni zilezile, kwa mpangilio uleule. Kinachomjulisha msikilizaji ameambiwa nini ni mvumo mdogo mwanzoni mwa neno, unaodumu kwa kitambo kifupi sana kisha ukatoweka.

Ndani kabisa ya sikio kuna koklea, kiungo kilichojiviringa kama konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio, ambazo hugeuza mtetemo kuwa ishara za neva ziendazo kwenye ubongo. Kwa binadamu, seli hizi zikifa hazioti tena. Zinazopokea masafa ya juu zimekaa karibu na mlango wa koklea, na kwa kawaida ndizo za kwanza kuharibika kwa uzee au kwa kelele kali. Ndiyo sababu mzee hulalamika kwamba anasikia watu wakizungumza ila maneno hayapati. Irabu zinamfikia, konsonanti zimempotea. Zaidi ya hapo, baadhi ya seli hizo kazi yake ni kuyatenga masafa yanayokaribiana. Zikipungua, sauti mbili zilizokuwa zikisikika kila moja kivyake huungana na kuwa mvumo mmoja.

Sasa tuitazame shime sikio, kifaa kinachovaliwa nyuma ya sikio au ndani yake. Maikrofoni hunasa sauti, kikuza sauti huiongezea nguvu, na spika ndogo huipeleka sikioni. Tuseme mtu anazungumza kwa desibeli 60, na kelele za chumba ni desibeli 55. Usemi umezidi kelele kwa desibeli 5. Tofauti hii huitwa uwiano wa usemi na kelele. Kifaa kikiongeza desibeli 20, usemi unakuwa 80 na kelele 75. Uwiano umebaki palepale. Chumba kizima kimepaa, na aliyekivaa hajaongezewa neno hata moja juu ya yale ambayo kelele zilikuwa zimeyafunika. Mwenye masikio mazima anaweza kufuata mazungumzo hata kelele zikilingana na usemi. Mwenye upungufu wa kusikia huhitaji usemi uzizidi kelele kwa desibeli kadhaa, na kadiri upungufu ulivyo mkubwa ndivyo anavyohitaji zaidi.

Kwa hiyo kazi halisi ni kutenganisha, na vitu hutenganishwa kwa kile kinachovitofautisha. Anayepepeta mchele huweza kuondoa pumba kwa sababu pumba ni nyepesi. Changarawe yenye uzito wa punje hubaki ungoni. Basi swali ni hili: usemi na kelele vinatofautiana kwa lipi?

Tofauti inayotumika sana ni upande sauti inakotoka. Vifaa vingi vya leo vina maikrofoni mbili, moja mbele na moja nyuma, zilizoachana takriban milimita 12. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde, hivyo hutumia kama sehemu 35 za milioni ya sekunde kutoka maikrofoni moja hadi nyingine. Kelele inayotoka mgongoni huifikia maikrofoni ya nyuma kwanza. Kifaa huichelewesha ishara ya maikrofoni hiyo kwa muda uleule, kisha huitoa kwenye ishara ya maikrofoni ya mbele. Kwa kelele ya mgongoni ishara hizo mbili zinalingana, na zinapotolewa hubaki sifuri. Sauti ya mtu aliye mbele imezifikia maikrofoni kwa mpangilio wa kinyume; ishara zake hazilingani, kwa hiyo haifutiki. Katika chumba halisi sauti hudunda kutani na kurudi kutoka kila upande, hivyo faida hupungua na kuwa desibeli chache. Chache hizo si za kudharauliwa: pale ambapo mtu anaelewa nusu ya sentensi, desibeli 1 pekee huweza kumwongezea asilimia 10 au zaidi ya maneno. Sharti ni moja, kwamba amtazame anayezungumza.

Tofauti nyingine ni mwenendo wa sauti. Usemi hupanda na kushuka kwa mwendo wa silabi, yapata nne au tano kwa sekunde. Mvumo wa feni au jenereta hukaa palepale. Kifaa hugawa sauti katika kanda za masafa, hukagua kila ukanda, na ule usiopanda wala kushuka hukishusha kiwango chake. Hapa inafaa kusema wazi jambo ambalo matangazo ya biashara hulipita haraka. Ukanda ukishushwa, usemi uliomo hushuka pamoja na kelele. Kwa hiyo njia hii humpunguzia mtu uchovu wa kusikiliza, lakini mara nyingi haimwongezei maneno anayoyaelewa. Na kelele zikiwa ni sauti za watu wengine, mwenendo wake ni uleule wa usemi. Hiyo ndiyo changarawe.

Hatua kubwa ilionekana mwaka 2013, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani. Eric Healy, DeLiang Wang na wenzao waliifundisha programu ya kompyuta iitwayo mtandao wa neva kwa mifano mingi ya usemi uliochanganywa na kelele. Programu iliikata sauti katika vipande vidogo vya muda na masafa, ikahifadhi vilivyotawaliwa na usemi na kuvitupa vingine. Wasikilizaji wenye upungufu wa kusikia walielewa maneno mengi zaidi. Leo mitandao ya aina hii imeanza kuwekwa ndani ya shime sikio zenyewe, ingawa betri ni ndogo na hesabu lazima ikamilike ndani ya takriban sehemu 10 za elfu ya sekunde, ili mtu asisikie sauti yake mwenyewe ikimrudia kama mwangwi.

Imebaki tofauti iliyo rahisi kuliko zote, nayo ni umbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapopungua kwa nusu, usemi huongezeka desibeli 6. Mwalimu anayesikika kwa desibeli 60 akiwa mita 1 husikika kwa 48 akiwa mita 4. Darasa likiwa na kelele za desibeli 55, mtoto wa nyuma anapata uwiano wa 7 chini ya sifuri. Maikrofoni ndogo ikibanwa kifuani mwa mwalimu, sentimita 25 kutoka kinywani, hupokea karibu desibeli 72 na kuzirusha kwa redio hadi kwenye kifaa cha mtoto. Uwiano unakuwa 17 juu ya sifuri. Ndani ya darasa, kuta hubadilisha tarakimu hizi kwa kiasi fulani, lakini maikrofoni mbili zilizo sikioni haziwezi kutoa faida inayokaribia hiyo.

Mzazi anayempeleka mtoto wake kupimwa asiishie kuuliza kifaa kinakuza sauti kwa kiasi gani. Aulize kama kina maikrofoni mbili, na kama kinaweza kupokea maikrofoni ya mwalimu. Mvua ikianza kupiga bati, mwalimu asiye na maikrofoni hiyo asogee hadi kwenye dawati la mtoto, amwelekee uso kwa uso, ndipo aendelee na somo.