Jua Haki Zako: Kabla hujalipia fremu, isome mita

Tuseme umepata fremu kando ya barabara ya Songea–Mbinga, hapo Kigonsera. Unataka kuweka friza mbili, moja ya soda na nyingine ya samaki wa Mbamba Bay. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na anakutoa hofu: "Umeme wa hapa hauli." Unalipa. Mwezi haujaisha, faida yote ya soda imemezwa na LUKU. Je, sheria inakulinda?

Kwa wenzetu swali hili hujibiwa na cheti. Uingereza na Wales, jengo la biashara hupewa daraja la matumizi ya nishati, kuanzia A hadi G, na tangu Aprili 2023 jengo la daraja F au G haliruhusiwi kuendelea kupangishwa bila msamaha maalumu. Kenya, kanuni za mwaka 2012 zilitaka kila jengo au kiwanda kinachozidi uniti 180,000 kwa mwaka kikaguliwe matumizi yake kila baada ya miaka mitatu. Fremu yako Kigonsera haina cheti. Kinga yako ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345.

Kifungu cha 19 kinasema mkataba uliopatikana kwa udanganyifu au maelezo yasiyo ya kweli unaweza kubatilishwa na aliyepotoshwa. Lakini kifungu hicho kina mtego. Kama mwenzako alikosea bila nia mbaya, au alinyamaza tu, na wewe ungeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, hukumu haitakuwa upande wako. Pia neno "hauli" ni sifa tu, huwezi kulipima mbele ya hakimu. Linalopimika ni uniti ngapi kwa mwezi.

Kwa hiyo jitengenezee cheti chako mwenyewe.

Kwanza, omba risiti au meseji za LUKU za miezi sita iliyopita. Hesabu uniti, usihesabu shilingi, na uulize mpangaji aliyetangulia alikuwa na vifaa gani.

Pili, zima kila kitu ndani ya fremu, kisha itazame taa ya mita. Ikiendelea kupepesa, kuna waya unaokwenda kwa jirani, au kuna hitilafu.

Tatu, uliza kama mita ni yako peke yako. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo, nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida shilingi 292. Friza zako zikiunganishwa kwenye mita ya nyumba, nafuu hiyo inaweza kupotea, na ugomvi utakuangukia wewe.

Nne, ingia saa nane mchana. Bati lisilo na dari likikuunguza wewe, litaichosha na friza.

Uliyoyaona yaandikwe kwenye mkataba: namba ya mita, uniti zilizosomwa siku ya kukabidhiwa, kila uniti itatozwa kwa bei ipi, na nani atatengeneza nyaya. Andika pia habari ya kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 hukatwa kwenye LUKU katika maeneo inakotozwa. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Ukiikuta kwenye risiti yako, mkubaliane ipunguzwe kwenye pango.

Mambo yakiharibika, jua mlango wa kubisha. Mita mbovu au bei isiyo sahihi, peleka malalamiko kwa maandishi TANESCO. Usiporidhika nenda EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na uamuzi wa EWURA hukatiwa rufaa Baraza la Ushindani. Ila EWURA haiamui ugomvi wako na mwenye fremu. Huo ni wa mkataba: anza kwa barua, bakiza nakala, kisha umwone msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hao, na asiye na uwezo huhudumiwa bure.

Ndugu msomaji, kusoma mita ni kazi ya dakika tano. Isome kabla hujatoa hata shilingi, na mwenye fremu aweke sahihi chini ya namba uliyoiona.